Samaki Niliyemla Yalosenge

Amisi na Shabani, rafiki zangu, aibu niliyoipata leo haina hata pa kuifichia. Imenikuta asubuhi, mbele ya watu kumi na mmoja, na jimbo zima likaisikia kwa redio. Nawaandikia usiku huu huu, kwa sababu fundi wa ndege ya mizigo anarudi Goma kesho na amekubali kubeba barua. (Mkiikuta imefunguliwa, msishangae. Wanajeshi wa uwanja wa ndege nao wanataka kucheka.) Ndiyo maana sitaji jina la teritwari ninayoisema. Nyinyi mtaijua. Ile ya msituni, ambako hakuna aliyewahi kutumwa kwa hiari yake.

Kazi yangu mnaijua. Tangu ile wiki ya mabomu mliyoondoka, ofisini kwetu Makiso, hapa Kisangani, tumebaki wanne, na karani wa idadi ya watu ni mimi. Wakubwa wapya walioletwa na uasi wanataka waijue nchi wanayoitawala. Basi nikapewa kuandika ripoti nzima ya ile teritwari. Sura ya kwanza: mipaka, mito, udongo, mvua, msitu. Sura ya pili: watu, kijiji kwa kijiji, safu nne, wanaume, wanawake, wavulana, wasichana. Ripoti ya mwisho iliyo kamili ilipigwa mashine na Wabeleji kabla kidogo ya uhuru. Iliyoifuata iliungua katika uasi wa wakati wa baba zetu. Sasa tuko kwenye uasi mwingine, na mkubwa wangu, Papa Likilo, hunihimiza hivi: "Assani, andika mbio, mbele ya wengine wakuje," yaani kabla waasi wengine hawajafika.

Kwenda kule haiwezekani. Boti hazipandi, barabara imekatwa na wanajeshi wa pande mbili. Imebaki phonie, ile redio ya chumba cha nyuma inayokula betri ya gari. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Ukimaliza unasema "à vous", mwenzako anajibu. Sisi tunaitwa Sierra Un. Posti ya teritwari inaitwa Tango Deux. Na Tango Deux ni dada mmoja anaitwa Georgine. Mkubwa wake alikimbia siku risasi ya kwanza ilipolia, akamwachia phonie, rejista na mbuzi.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Niseme tu ukweli, nyinyi si wageni. Baba tulimzika, mama yuko Kindu kwa dada yangu. Nyinyi mko Goma. Katika ile parcelle yetu, kiwanja chenye nyumba ya vyumba vinne, naishi peke yangu, na nimeanza kuzungumza na mlango. Jioni natwanga lituma ya mtu mmoja. Mmewahi kutwanga lituma ya mtu mmoja? Ndizi mbili. Mchi unagonga mara sita, basi. Jirani aliniuliza kama napigilia msumari. Siku nyingine nashuka hadi bandarini, naangalia mahali boti zilipokuwa zinafungwa, kisha narudi. Nakumbuka wiki moja ambayo mtu pekee aliyeniuliza nimeamkaje alikuwa Tango Deux, kila saa mbili na nusu asubuhi, na sauti yake ilikuwa inakuja na kelele kama mafuta yakikaanga.

Kazi ile ingeisha kwa wiki mbili. Nimeifanya miezi minane.

Kijiji kimoja kwa siku! Nilimwambia Papa Likilo betri ni dhaifu, haivumilii zaidi. (Betri ilikuwa nzima. Mungu anisamehe.) Nikimaliza hesabu ya watu, naanza maswali ya jiografia.

"Mto ya pale iko na upana gani? À vous."

"Sina mita. À vous."

"Ukivuka na mtumbwi, unapiga kafi mara ngapi? À vous."

Kesho yake ananijibu: "Makumi mbili na moja. Nilienda mimi mwenyewe kuhesabu. À vous."

Nikauliza udongo ni mwekundu au mweusi. Nikauliza ukiushika kwa mkono unabaki au unatoka. Nikauliza mvua ya pale inatokea upande gani na inaanza na upepo au bila upepo. Siku wanajeshi waliopita walipomla mbuzi wake, tuliongea udongo dakika arobaini, na wote wawili tulijua hatuongei udongo. Papa Likilo akasoma sura ya kwanza, akavua miwani. "Assani," akasema, "hata Wabeleji hawakupima hivi." Nikapewa kiti chenye mgongo.

Mwezi uliopita orodha ya zamani ya vijiji ikaanza kuisha. Vikabaki vitatu. Kikabaki kimoja. Nikaanza kuhesabu siku, maana kijiji kikiisha ripoti imeisha, na ripoti ikiisha mimi nitaipigia Tango Deux kusema nini? Phonie ni ya serikali. Siku ile ya mwisho nikamaliza wasichana, nikapiga mstari wa jumla, nikasema polepole, "Donc, hii ndiyo ya mwisho. À vous."

Phonie ikakoroma muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Kuko ingine. Kwa liste ya zamani aiko, hawakuiandika. Inaitwa Yalosenge. À vous."

Nilitaka kuibusu ile spika.

Yalosenge ilituchukua wiki tatu. Siku ya kwanza alinipa kijito chake, maji meusi lakini masafi. Siku ya pili nyumba, mistari miwili, milango inaangaliana ili watu wasalimiane bila kusimama. Kisha wanawake wanaofinyanga vyungu, kisha lokole, ngoma ya mti mwekundu inayoita watu kutoka mashambani. Na katika nyumba ya mwisho, karibu na maji, mwanamke mmoja. "Ménage ya mutu moja," alisema. "À vous." Kaya ya mtu mmoja. Nikaandika moja kwenye safu ya wanawake, sikuuliza zaidi. Lakini jioni, nikila ndizi zangu mbili, nilikuwa natembea Yalosenge. Nilishajichagulia nyumba, ya tatu mkono wa kushoto. (Kwenye karatasi tu. Sijawa mwendawazimu. Bon, kidogo.)

Sasa ndiyo leo.

Leo ilikuwa siku ya kuwasilisha ripoti. Nimeamka mapema, nimepiga pasi shati jeupe, kaa la moto likaruka likatoboa mfuko wa kifuani. Ningeelewa hapo hapo, ningerudi kitandani. Badala yake nikapanda toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli ya watu, nimekumbatia ripoti kifuani ili ifunike tundu. Mkutano ulianza saa mbili kamili, kwa hiyo saa ya Georgine ilinipita nikiwa nimekaa pale, na moyo ulikuwa unaniuma kama nimesahau moto jikoni.

Chumbani alikuwako Papa Likilo, wakuu wa huduma, komanda mmoja wa miwani myeusi, na daktari wa chanjo. Daktari huyo ndiye aliyeitaka ripoti zaidi ya wote. Timu yake inaondoka baada ya kesho, pande zote mbili zimeahidi kutopiga risasi, na anagawa makasha ya dawa kufuata orodha yangu. Karibu na mlango alikaa mtu mwembamba, magoti meupe kwa vumbi. Papa Likilo akamtambulisha: Papa Isenge, katekista wa kule kule kwenye ile teritwari, amefika jana akisukuma baiskeli yenye mafuta ya mawese kwa siku tisa, kwa vijia vya msituni. Nilimsalimu vizuri, akanijibu vizuri. Hatukuwa na ugomvi wowote.

Nikaanza. Jamani, nilisema vizuri! Mipaka bila kusoma. Mito kwa kafi. Udongo mpaka komanda akasinzia. Nikafika sura ya pili, kijiji baada ya kijiji, na nilipofika Yalosenge sauti yenyewe ikabadilika. Nikawapa kijito, nikawapa milango inayoangaliana, nikawapa lokole. Daktari akainua kalamu.

"Monsieur Assani, ile Yalosenge kwa karte yangu aiko. Uko sûr?"

"Sûr kabisa, docteur."

"Juu ya nini uko sûr?"

Hapo ningesema nimeambiwa kwa phonie. Maneno matatu tu. Lakini kusema nimeambiwa kwa phonie kulikuwa kama kusema mimi pale ni mpita njia, na wiki tatu nzima nilikuwa na nyumba, ya tatu mkono wa kushoto. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Mimi mwenyewe nilifika," nikasema. "Hata nilikula pale."

(Nani aliniuliza habari za kula? Hakuna!)

Papa Isenge akainua mkono, kwa heshima kabisa, kama mwanafunzi.

"Mwana wangu, unisamehe. Ulifika wakati gani?"

"Mbele ya vita, papa."

"Aa. Na ulikula nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

"Ngolo." Nikaona haitoshi. "Ngolo munene."

"Nani alikupikia?"

"Bibi ya chef wa kijiji."

"Ile chef jina yake nani?"

Amisi, niliita majina yote ya msituni yaje, hayakuja. Likaja moja tu, la babu yangu mzaa baba, aliyezikwa hapa mjini na hakuwahi kuvuka hata daraja.

"Ramazani," nikasema.

Komanda akaamka. Papa Isenge akatikisa kichwa polepole, na kilichonimaliza ni kwamba alinionea huruma.

"Mwana wangu, mimi nilizaliwa karibu na ile fasi. Katekisti ni mimi, nyumba zote ninaingia. Ramazani kule kwetu aiko hata moja. Na Yalosenge aiko kijiji. Iko maji na majani tu, batu wanapita na mtumbwi, hawasimame. Hata ngolo aiko. Iko nyoka."

"Ulikula nyoka, Monsieur Assani?" akauliza komanda.

Walicheka mpaka mkuu wa kilimo akatoka nje kukohoa. Papa Likilo hakucheka. Aliangalia ripoti, miezi minane, akaangalia kiti changu chenye mgongo.

"Phonie iko nyuma ya ile mlango," akasema. "Tuulize posti. Sote."

Wote wakanifuata. Watu kumi na mmoja katika chumba cha kuenea watu watatu! Komanda akafungua spika hadi mwisho. Nilibonyeza kitufe kwa kidole ambacho hakikuwa changu tena. Ombi langu kwa Mungu lilikuwa moja tu: betri ife kweli safari hii. Haikufa.

"Tango Deux, Tango Deux, ici Sierra Un. À vous."

Akaitika kabla sijakiachia kitufe vizuri. "Sierra Un! Mbote, Assani. Leo umechelewa. Nimeshika hii micro tangu saa mbili, niko na woga, ninasema labda vita imerudi kwenu. Umeamuka aje? À vous."

Nyuma yangu mtu akasema, "Eeeh."

Nikajikaza, nikaleta sauti ya serikali. "Tango Deux, tunaomba uthibitisho. Localité Yalosenge. Ripoti inatolewa leo. À vous."

Mafuta yakakaanga, yakakaanga.

"Ripoti imeisha? À vous."

"Imeisha leo. À vous."

"Donc andika hivi," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Yalosenge aiko. Vijiji vilinimalizikia, Assani. Ile siku uliniambia ni ya mwisho, nikaangalia hii chumba, nikasema kesho saa mbili na nusu nitaongea na nani? Nikatafuta jina. Mimi ndiye nilikosa. Usiadhibiwe juu yangu. À vous."

Niliwasahau wote. Nawaapia, Amisi na Shabani, nilisahau daktari, nilisahau komanda, nilisahau ngolo. Nilibonyeza kitufe.

"Na ile nyumba ya mwisho, karibu ya maji? Ya mwanamuke pekee yake? À vous."

"Ile iko," akasema. "Ile ni yangu. Iko hapa posti, ila maji iko mbali kidogo. Nimehesabu teritwari muzima na hakuna mutu alifika kunihesabu mimi, ndiyo nikajiweka kule." Kitufe hakukiachia. "Na wewe? Pale Kisangani walikuhesabu? Kwa ménage gani? À vous."

Zamu yangu ilikuwa imefika. Kitufe nilikibonyeza. Phonie ilikuwa inatuma kupumua kwangu tu, nchi nzima. Nikakiachia.

Na hapo, wapenzi wangu, spika ikalia kwa sauti ya mwanaume mwenye mafua.

"Sierra Un, Sierra Un, ici Kilo Quatre. Ujibu mwanamuke! À vous."

Kilo Quatre! Posti ya kusini! Sijamaliza kugeuka, akaingia mwingine.

"Ici Mike Un. Sierra Un, sisi hapa tunawafuata tangu mwezi ya tatu. Kila asubuhi batu wanakuja na viti. Mwambie kitu! À vous."

"Ici Kilo Quatre encore. Mimi nililia ile siku ya mbuzi. À vous."

Miezi minane! Mimi nilidhani tuko wawili. Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa phonie anakijua, kwamba mstari ni mmoja na kila posti iliyowasha redio inasikia. Kafi makumi mbili na moja, wamesikia. Udongo unaobaki mkononi, wamesikia. Siku niliyomwimbia kidogo nikisingizia kujaribu mitambo (msiulize), wamesikia, na viti wameleta.

Niligeuka. Komanda alikuwa amevua miwani myeusi, anajifuta macho. Daktari alikuwa anaandika kitu, hataki kuniangalia. Papa Isenge alikuwa anatabasamu akiangalia sakafu. "Georgine ninamujua," akasema. "Yeye ndiye ananiandikia liste ya ubatizo. Ninapita mlango yake kila juma, sikumuuliza hata mara moja anakula na nani."

Tukarudi mezani. Papa Likilo akasimama na kutoa hukumu, na nilikuwa tayari kabisa kwenda kuuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni.

"Makasha ya Yalosenge yataenda posti," akamwambia daktari. Kisha kwangu: "Assani, umedanganya ofisi. Ulisema umekula mahali ambapo aiko. Na kama kijiji moja ni ya uongo, mimi nitajua aje zingine ni za kweli? Utathibitisha zote. Zote! Kuanzia ya kwanza. Kwa phonie."

"Ndiyo, chef."

"Na betri ni dhaifu." Alikuwa anatafuta kitu kwenye saraka, uso wake siuoni. "Moja kwa siku. Nisisikie mbili."

Kile kiti chenye mgongo kikachukuliwa na mkuu wa kilimo.

Mchana nimekaa na rula nikaifuta Yalosenge. Nimefuta kijito. Nimefuta milango inayoangaliana, vyungu, lokole, na nyumba ya tatu mkono wa kushoto, ambayo iliniuma kuliko nilivyotegemea. Mtu mmoja nimembakisha. Nimempeleka posti, safu ya wanawake, nikabadilisha jumla ya teritwari nzima kwa ajili yake. Ile jumla ilishuka Yalosenge ilipofutika, kisha ikapanda moja, na kati ya tarakimu zote nilizowahi kuandika ni hiyo moja peke yake ninayoweza kuapa kuwa ni ya kweli.

Halafu nimekwenda kwenye kabati kutafuta kadi za hapa mjini, kujibu lile swali lake. Kadi ya parcelle yetu ipo. Ina baba, ina mama, ina dada, ina mimi nikiwa na miaka sita. Tangu hapo hakuna aliyerudi kuhesabu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa serikali, usiku huu nalala na watu watatu.

Kesho saa mbili na nusu naanza kijiji cha kwanza, na kabla ya kuuliza mto wake nina jibu la kumpa, kwamba ménage yangu ni ya mtu mmoja na ingependa kuwa ya wawili, wakisikia wasikie. Tafadhali msicheke. Kama hamwezi kujizuia, chekeni, lakini mniandikie, kwa sababu hapa ofisini tangu saa tano naitwa Ngolo, na ningependa kuwe na mtu wa kuniita Assani bila kumaliza na à vous.